Tunapima Gunia, Punje Hatuipimi

Jumamosi iliyopita nilikuwa Manzese, kwenye mashine ya kukoboa na kusaga, nimepanga foleni na debe langu la mahindi. Mbele yangu alisimama mama mmoja, kanga yake imefifia kwa vumbi la unga. Kijana wa mashine akamuuliza bila kuinua macho, "Mama, dona au sembe?" Mama akajibu upesi, "Sembe, mwanangu. Na ukoboe vizuri. Juzi ulinipa unga una madoa, watoto wakagoma kula." Kijana akacheka, akamimina mahindi, mashine ikaanza kunguruma. Upande mmoja zikatoka punje nyeupe, kama zimevuliwa nguo. Upande wa pili, kwenye kiroba, zikamwagika pumba laini za rangi ya manjano, zenye harufu tamu. Pembeni alikaa mfuga kuku juu ya ndoo iliyopinduliwa, anazisubiri pumba zile kama mtu anayesubiri mshahara.

Nimeanza na pumba kwa makusudi, na nitazirudia. Ila jambo ninalotaka kulisema leo linaanzia mbali na Manzese. Linaanzia hewani.

Machi 1958, mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, katikati ya bahari, mbali na moshi wa miji. Alikuta kwamba katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu kama 315 ni za hewa ya ukaa. Kabla Ulaya haijaanza kuendesha viwanda kwa makaa ya mawe zilikuwa kama 280. Hilo tunalijua kutokana na mapovu ya hewa ya kale yaliyonaswa ndani ya barafu. Mwaka 2024 wastani wa Mauna Loa ulikuwa umeshapita 420. Maana yake, mtu aliyezaliwa Tanganyika ikipata uhuru alizaliwa katika hewa moja na anazeekea katika hewa nyingine. Na hewa hii haina mpaka wala forodha: inayopimwa Hawaii ndiyo inayopita juu ya mashamba ya Kyela na Mwea.

Habari hii tumezoea kuisikia ikisimuliwa kama habari ya joto, ukame na mafuriko. Ni kweli, na tumeyaona. Lakini mmea haungoji joto lipande ndipo uitambue hewa hiyo. Mmea unaila. Karibu kila chembe ya wanga iliyomo kwenye punje ya mchele ilikuwa hewani kabla haijawa mchele. Ukibadilisha hewa umebadilisha kiungo cha kwanza kabisa cha chakula, kabla ya mbolea na kabla ya mvua. Ajabu ni kwamba katika mijadala yetu ya kilimo, hewa ndiyo inayotajwa mwisho, ikitajwa kabisa.

Wapo wanaosema tusihangaike: hewa ya ukaa ni chakula cha mimea, ikizidi mavuno yatazidi. Sitawacheka, maana hoja yao ina ukweli ndani yake. Wakulima wa nyanya wa Uholanzi huingiza hewa ya ukaa kwa makusudi ndani ya vibanda vyao vya vioo, na kuifikisha sehemu 800 au 1,000, na nyanya zinazaa kweli. Mwaka 2016 watafiti waliochambua picha za satelaiti walionyesha kuwa kati ya robo na nusu ya ardhi yenye mimea duniani imeongezeka ukijani tangu miaka ya 1980, na sababu kubwa waliyoitaja ni hiyo hiyo hewa ya ukaa. Mwenye macho haambiwi tazama. Tatizo la hoja hii ni kwamba inaishia kwenye jani. Inahesabu mmea umekuwa mkubwa kiasi gani, halafu inafunga daftari.

Kulifungua daftari hilo upya kumewachukua watafiti miaka mingi. Mwanzoni walikuwa wakiotesha mimea ndani ya vyumba vidogo na kuipulizia hewa. Lakini chumba si shamba: hakina upepo wala wadudu, na jua lake limechujwa. Ndipo wakatoka nje. Katika mashamba halisi ya mpunga huko Japani na China, walizungusha mirija ya plastiki kwenye umbo la pembe nane, upana wa mita 17, ikining'inia sentimita kama 30 juu ya mimea. Mirija hiyo inapuliza hewa ya ukaa kufuatana na upepo, na vipimo vinahakikisha kuwa mpunga uliomo ndani ya duara unavuta hewa ya miaka ijayo, ilhali mpunga wa nje, hatua chache tu, unavuta hewa ya leo. Udongo ni ule ule, maji na mbegu ni zile zile. Ukivuna pande zote mbili na kuzipeleka maabara, kinachotofautisha ni hewa tu.

Jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba mavuno yanaongezeka, lakini si kwa kiasi kilichotangazwa na vile vyumba. Mwaka 2006 kundi la watafiti wakiongozwa na Stephen Long wa Illinois lilieleza kuwa nyongeza iliyoonekana mashambani ni kama nusu ya ile ya vyumbani. Hilo peke yake lilitosha kuwapunguzia furaha watabiri wa mavuno. Lakini habari kubwa ilikuwa ndani ya punje.

Mwaka 2014 Samuel Myers wa Harvard na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio ya namna hiyo kutoka Japani, Australia na Marekani, kwenye hewa yenye sehemu kati ya 546 na 586, kiwango ambacho dunia inaweza kukifikia ndani ya karne hii ikiendelea kuchoma inavyochoma. Ngano ilikuwa imepoteza asilimia 9.3 ya zinki, asilimia 5.1 ya madini ya chuma na asilimia 6.3 ya protini. Mchele ulikuwa umepoteza karibu asilimia 8 ya protini. Miaka minne baadaye watafiti wa China, Japani na Marekani walipima aina 18 za mpunga zilizooteshwa ndani ya yale maduara ya mirija. Protini ilishuka kwa wastani wa asilimia 10.3, chuma asilimia 8, zinki asilimia 5.1. Katika zile aina walizozipima vitamini, B1 ilishuka asilimia 17, B2 karibu hivyo hivyo, na B9, ile foliki ambayo mama mjamzito hupewa vidonge vyake kliniki, ilishuka asilimia 30. Vitamini E peke yake ndiyo iliyopanda.

Tuiweke hesabu hii jikoni. Chukua gunia la mchele la kilo 100. Ndani yake kuna protini kama kilo saba. Punguza sehemu moja ya kumi: zimeondoka gramu 700. Gunia bado lina kilo 100. Mizani haikudanganya, dalali hakudanganya, na mpishi hataona tofauti yoyote kwenye sufuria. Ubwabwa utaiva, utanukia, utashibisha. Gramu 700 za protini zimebadilishwa na gramu 700 za wanga, na hakuna mtu kati ya Mbarali na Kariakoo mwenye chombo cha kuligundua hilo.

Mtu wa kwanza kulipigia kelele jambo hili kwa upana hakuwa bwana shamba wala daktari. Alikuwa mwanahisabati, Irakli Loladze. Akiwa mwanafunzi Arizona mwaka 1998, alisikia habari ya wanabiolojia waliokuwa wakifuga wadudu wadogo wa majini wanaokula mwani. Walipoongeza mwanga, mwani ulistawi sana, chakula kikawa tele, lakini badala ya kunawiri wale wadudu wakaanza kufifia. Mwani ulikua haraka kiasi kwamba ukajaa sukari na kupungukiwa virutubisho. Wadudu walishiba huku wakifa njaa. Loladze akajiuliza swali ambalo leo linaonekana la wazi: je, sisi nasi? Mwaka 2014 alichapisha uchambuzi uliokusanya vipimo vya mimea zaidi ya aina 100 kutoka majaribio ya miaka mingi, na wastani ukawa kwamba madini hupungua kwa asilimia 8 hewa ya ukaa inapoongezeka. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi maarifa yanavyopita mlango wa nyuma wakati wenye nyumba wamelala sebuleni.

Kwa nini inakuwa hivi? Sababu ya kwanza haihitaji shahada: ukiongeza maji kwenye mchuzi bila kuongeza nazi, mchuzi unakuwa mwingi na mwepesi. Wanga unaongezeka haraka kuliko madini yanayopanda kutoka kwenye udongo. Sababu ya pili iko kwenye matundu madogo yaliyo kwenye jani, ambayo mmea huyafungua ili uvute hewa ya ukaa. Yakiwa wazi, maji yanatoka, na maji yakitoka juu mizizi inavuta mengine kutoka chini pamoja na madini yaliyoyeyuka humo. Hewa ya ukaa ikiwa tele, mmea hauna haja ya kuyafungua matundu sana. Unabana. Maji yanayopanda yanapungua, na shehena ya madini inapungua nayo. Ya tatu ni kwamba jani la ngano au mpunga huweka nitrojeni nyingi kwenye kimeng'enya kimoja kinachokamata hewa ya ukaa, kinachoitwa rubisko. Hewa hiyo ikiwa nyingi, mmea haukihitaji kimeng'enya kingi hivyo, na nitrojeni ambayo ingekuja kuhamia kwenye punje kama protini inakuwa kidogo tangu mwanzo. Arnold Bloom wa Chuo Kikuu cha California kule Davis ameongeza la nne: katika hewa nzito ya ukaa, majani ya ngano hupata shida kuigeuza nitrati kuwa protini, hata pale mkulima alipotia mbolea ya kutosha. Wataalamu bado wanabishana ipi kati ya sababu hizi ina uzito zaidi. Kwa mlaji matokeo ni mamoja.

Hapa msomaji makini atauliza: na ugali je? Mpunga na ngano ni mambo ya Waasia na Wazungu, sisi tunakula mahindi.

Swali zuri, na jibu lake lina utamu na uchungu. Mahindi, mtama, ulezi, uwele na muwa ni jamii nyingine kabisa ya mimea. Ili kuielewa tofauti, fikiria konda wa daladala kituoni Mbagala saa moja jioni. Rubisko ndiye konda huyo. Kazi yake ni kupakia hewa ya ukaa, lakini katika vurugu za kituo anavuta yeyote aliye karibu, na mara nyingi anapakia oksijeni, abiria asiyelipa nauli na ambaye kumshusha ni gharama. Ndani ya mpunga na ngano konda anafanya kazi kwenye vurugu hizo hizo, kwa hiyo abiria wa kweli wakiongezeka kituoni anapata nafuu kubwa. Mahindi na mtama walishajenga stendi yenye geti. Hewa ya ukaa inakusanywa kwanza, inasukumwa ndani ya chumba maalumu, na huko konda hakutani na oksijeni nyingi. Watafiti Hatch na Slack ndio waliouweka bayana utaratibu huu kwenye muwa huko Australia, katika miaka ya 1960. Stendi hiyo inajaa hata kwa hewa ya leo, hivyo nje kukiongezeka abiria, ndani hakubadiliki kitu kikubwa.

Utamu ni kwamba punje ya mahindi na ya mtama haikutetereka sana katika majaribio yale ya 2014. Athari ilikuwa ndogo na haikujitokeza kila mahali. Kwa taifa la ugali hiyo ni nafuu ya kweli. Tena kuna nyongeza kwa ndugu zetu wa Dodoma na Singida: kwa kuwa mmea unabana matundu, unatumia maji kidogo, na mtama uliojaribiwa kwenye jangwa la Arizona ulizaa zaidi katika hewa nzito pale ulipokosa maji. Ulipomwagiliwa vya kutosha haukuongeza kitu.

Uchungu ni kwamba ile zawadi ya mavuno inayoahidiwa kila siku haituhusu. Huko Illinois mahindi yalipewa hewa ya ziada kwenye msimu usio na ukame, na hayakuongeza hata kilo. Kwa hiyo tunabaki na joto bila fidia. Mwaka 2011 David Lobell na wenzake walichambua zaidi ya majaribio 20,000 ya mahindi yaliyofanywa Afrika, wakakuta kwamba kila siku ambayo joto linazidi nyuzi 30 kwa nyuzi moja hupunguza mavuno kwa asilimia 1 mvua ikiwa nzuri, na asilimia 1.7 kukiwa na ukame. Anayesema hewa ya ukaa ni mbolea ya bure aje ashike jembe la mahindi kwanza.

Na tusijidanganye kwamba mchele na ngano si vyetu. Harusi gani inapikwa ugali? Chapati, maandazi na mkate wa asubuhi vimeingia hadi vijijini, na ngano yake nyingi inatoka ng'ambo. Maharage nayo yako upande wa mpunga. Mikunde kama soya na njegere ilipopimwa ilipoteza zinki na chuma, ingawa protini yake ilihimili kwa kuwa mizizi yake inajipatia nitrojeni. Wali na maharage, sahani ya mwanafunzi wa bweni kutoka Kigoma hadi Kilifi, iko yote upande wenye hasara.

Nikifika hapa marafiki zangu huniambia, wewe unatafuta ugonjwa kwenye asilimia tano. Mtu anayekula nyama, samaki, mayai na mboga hataiona asilimia tano ya zinki, nakubali. Lakini yule ambaye mlo wake ni lundo la nafaka na kijiko cha mchuzi, nafaka ndiyo nyama yake, ndiyo zinki yake, ndiyo kila kitu. Mwaka 2018 Myers na mwenzake Matthew Smith walikadiria kwamba mabadiliko haya peke yake yanaweza kuwaongeza watu milioni 175 kwenye idadi ya wenye upungufu wa zinki ifikapo 2050, na milioni 122 kwenye upungufu wa protini. Zinki ikipungua mwilini, kinga inalegea. Mtoto anaharisha mara nyingi zaidi, kidonda kinachelewa kupona, urefu unagoma kuongezeka. Mama wa mtoto huyo hawezi kwenda hospitali akasema mwanangu anaumwa hewa.

Hapo ndipo ninapofikia ugomvi wangu hasa, ambao si na hewa. Hewa hatukuichafua sisi. Afrika nzima inachangia sehemu ndogo sana ya moshi wa dunia. Ugomvi wangu ni na namna tunavyohesabu chakula. Kila mwaka tunatangaziwa utoshelevu, na miaka ya karibuni umekuwa zaidi ya asilimia 120. Tunapiga makofi. Sasa fungua takwimu za afya za 2022 zilizopima watoto wa chini ya miaka mitano. Udumavu kitaifa ni asilimia 30. Mkoa unaoongoza ni Iringa, asilimia 56.9. Unafuata Njombe, asilimia 50.4. Unafuata Rukwa, asilimia 49.8. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Maghala yamejaa mahindi, malori yanapanga foleni, na nusu ya watoto ni wafupi kuliko umri wao.

Sisemi hewa ya ukaa ndiyo iliyowadumaza watoto wa Iringa. Ningesema hivyo ningekuwa mzushi. Udumavu una mizizi mingi: maji machafu, mama asiyepata nafasi ya kunyonyesha na kulisha kwa wakati, mlo wa aina moja asubuhi na jioni. Ninachosema ni kwamba Iringa imeshatuonyesha kuwa gunia si lishe. Tulishindwa somo hilo kwenye hewa ya jana, na hewa ya kesho inakuja na mtihani mgumu zaidi.

Wala hewa si mshitakiwa pekee. Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la ngano lililoanza kufanyiwa majaribio mwaka 1843, na sampuli za mavuno yake zimehifadhiwa tangu enzi hizo. Watafiti walipozipima walikuta zinki, chuma, shaba na magnesi zilikaa bila kuyumba kwa zaidi ya miaka 100, kisha zikaanza kushuka kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Kilichoingia shambani wakati huo ni mbegu mpya fupi, zile za mapinduzi ya kijani, zinazozaa sana. Wazalishaji wa mbegu walitafuta uzito na wakaupata. Hakuna aliyewaagiza zinki. Naligeuza jambo hilo kuwa habari njema: kama mbegu ilipunguza, mbegu inaweza kurudisha. Katika zile aina 18 za mpunga si zote zilizoshuka sawa. Zipo zilizohimili vizuri. Rwanda wameshasambaza maharage yaliyozalishwa makusudi yawe na chuma kingi. Hapa kwetu ziliwahi kutolewa mbegu za mahindi zenye protini bora, zikabatizwa jina zuri kabisa, Lishe. Muulize mkulima wa Mbozi leo kama anazipanda. Atakuuliza, zinalipa zaidi? Hazilipi zaidi. Mnunuzi anapima uzito, unyevu, uchafu, na siku hizi sumukuvu. Mkulima hawezi kupanda kitu ambacho soko halikioni.

Viwanda vya ngano duniani huuliza protini kabla ya kuuliza bei, kwa sababu mkate usio na protini hauumuki. Vipimo vya kumulika punje na kusoma protini kwa dakika moja vipo, havihitaji maabara. Nashindwa kuelewa kwa nini ghala la taifa lenye kipima unyevu lisiwe nacho hicho pia, angalau kwa sampuli, angalau tujue tunahifadhi nini. Zinki na chuma vinahitaji maabara, sawa. Vyuo vyetu vya kilimo vinazo. Sampuli mia chache kila msimu kutoka Kilombero, Mbarali, Kahama na Kyela zingetupa baada ya miaka kumi daftari letu wenyewe. Katika majaribio yote niliyoyataja hapa ya kupulizia mimea hewa ya ukaa, hakuna hata moja lililofanyika kwenye ardhi ya Afrika. Tunakula tukisoma matokeo ya mchele wa watu wengine.

Sasa turudi kwenye pumba.

Mwishoni mwa karne ya 19, kisiwani Java, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu cha beriberi, ugonjwa uliokuwa ukiwapooza miguu na kuwaua wanajeshi na wafungwa. Kuku wake wa majaribio wakaanza kupepesuka, hawawezi kusimama. Halafu ghafla wakapona. Alipochunguza akagundua kuwa kwa muda mfanyakazi wake alikuwa akiwalisha kuku mchele mweupe uliobaki jikoni kwenye hospitali ya jeshi. Akaja mpishi mpya, akakataa: mchele wa jeshi hauwezi kuliwa na kuku wa kiraia. Kuku wakarudishiwa mchele wa bei rahisi usiokobolewa, wakasimama tena. Urasimu wa mpishi mmoja ukafungua njia ya kugunduliwa kwa vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba. Dawa ilikuwa kwenye kapi na kiini cha punje, ile sehemu inayotupwa.

Ile ile inayomwagika kwenye kiroba kule Manzese. Hewa ya ukaa itachukua asilimia 5 au 10, na 17 kwenye vitamini B1, na itachukua polepole kwa miongo. Mashine ya kukoboa inaondoa zaidi ya nusu ya B1 ya mchele kwa dakika chache, na sembe inafanyiwa takriban hivyo hivyo kwenye zinki na chuma, na tunailipia. Serikali ziliamuru unga wa viwandani uongezwe virutubisho, Tanzania kwa kanuni za 2011 na Kenya mwaka 2012, na ni jambo jema, lakini kijana wa Manzese na wenzake wa kila mtaa hawamo kwenye mpango huo, na kwao ndiko unga wetu mwingi unakosagwa. Najua dona halikai sana, linachacha, na kama mahindi hayakukaushwa vizuri lina hatari ya sumukuvu, ambayo nayo hujikusanya zaidi kwenye tabaka za nje. Kwa hiyo anayekuambia kula dona akuambie pia kausha mahindi, chambua punje mbovu, saga kidogo kidogo.

Zamu yangu ilipofika kijana aliniuliza lile lile. Nikamwambia dona. Akanitazama juu chini, akasema, "Mzee, una kisukari?" Foleni ikacheka. Yule mfuga kuku hakucheka; alikuwa amepungukiwa kiroba kimoja.

Mfuga kuku huyo nilizungumza naye kidogo nikisubiri. Aliniambia kuku wa pumba hawaugui hovyo, na anazipigania pumba hizo tangu alfajiri kwa sababu zikichelewa zinaisha. Yeye nyumbani kwake anakula sembe. Basi msomaji, wiki hii ukipeleka mahindi mashineni, mwambie kijana asikoboe. Na kama watoto watagoma, mwambie akoboe mara moja tu, kwa wepesi, na zile pumba zitakazotoka uziulize bei kabla hujaziacha.